Muulize Fundi: Brashi imegoma, mvuto upo

Barua nyingi mwezi huu ni za vifyonza vumbi vya betri, hivi visivyo na waya. Zamani ungevikuta nyumba moja moja. Sasa kila anayerudi kutoka Dubai ana kimoja ndani ya begi. Naanza na ya dada wa Mbezi Beach, kwa sababu ameeleza kila kitu. Mgonjwa anayejua kueleza anapoumwa humpunguzia daktari kazi.

*

"Shikamoo Fundi. Shemeji yangu aliniletea kifyonza vumbi cha betri mwaka jana mwezi wa tatu. Kimefanya kazi vizuri mpaka juzi juzi. Sasa brashi ya chini haizunguki. Mashine inawaka, inanguruma kama kawaida, nikiweka kiganja mdomoni mwa bomba inavuta. Nikiiweka kwenye zulia brashi inazunguka kidogo, sekunde mbili au tatu, halafu inasimama. Nikizima na kuwasha tena, mambo ni yale yale. Kwenye vigae inaokota unga na mchanga, ila kwenye zulia hata punje ya wali inabaki pale pale. Fundi wa mtaani kwetu ameiangalia bila kuifungua, akasema mota ya brashi imeungua, ninunue kichwa kizima, laki moja na themanini. Nina mabinti watatu na nyumba ina mazulia mawili. Nitoe hiyo hela, au nirudi kwenye ufagio?"
Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Hela hiyo iache kwanza kwenye pochi.

Jibu umeliandika mwenyewe, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni pale uliposema brashi inazunguka sekunde mbili tatu kisha inasimama. Mota iliyoungua haikupi hata hizo sekunde tatu. Inakaa kimya, na ukinusa kichwa chenyewe mara nyingi utapata harufu ya vanishi iliyoungua, harufu ambayo ukiinusa siku moja huisahau maisha. Mota yako ni nzima. Kuna kitu kinaizuia.

Mara ya pili ni pale ulipotaja mabinti watatu. Nitafika hapo.

Kwanza ujue mashine yako inafanya nini inaposimamisha brashi. Ndani mna mota mbili. Kubwa iko juu, karibu na mkono wako, ndiyo inayovuta hewa. Ndogo iko chini kwenye kichwa, kazi yake ni kuzungusha brashi tu, na umeme wake unashuka kutoka kwenye betri kwa waya mbili zilizopita ndani ya bomba. Kuna kisahani cha elektroniki kinachopima umeme unaoliwa na hiyo mota ndogo. Brashi ikiwa nyepesi, mota inakula kidogo. Brashi ikizuiwa, mota inahangaika, inakula umeme mara kadhaa ya kawaida, na kile kisahani kikiona hivyo kinakata. Kinakata brashi peke yake, mvuto kinauacha. Ndiyo maana unaona maajabu ya mashine iliyo nusu hai. Ni kama punda uliyembebesha gunia la tatu: hajafa, amegoma, na fimbo haitasaidia mpaka ushushe gunia.

Sasa hilo gunia. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea kichwa chenye ugonjwa kama wako. Alikuwa ameshakisafisha, alisema, na kweli brashi kwa nje ilikuwa inapendeza, hamna hata unyuzi. Nikatandaza gazeti, nikakigeuza chali, nikatia sarafu ya shilingi mia mbili kwenye ule mfuo wa kifuniko cha pembeni na kuuzungusha robo. Kifuniko kikatoka, rola, ule mche unaobeba brashi, ikachomoka kwa ubavu. Na pale, kwenye shingo ya ekseli, mahali ambapo rola inaingia kwenye kifuniko na jicho halifiki, palikuwa na pete. Pete nyeusi yenye mistari ya zambarau, nene kama ile ya ndoa, imekaza mpaka inang'aa. Nikaigonga kwa bisibisi ikalia kama plastiki.

Ilikuwa rasta. Nywele za kusukia.

Wenye mabinti wanaelewa. Siku ya kufumua nywele, vipande vinaanguka kwenye zulia, mashine inapita, inakusanya. Nyuzi za brashi zimepangwa kwa kuzunguka rola kama meno ya parafujo, kwa hiyo kitu chochote kirefu hakikai katikati. Kinasukumwa taratibu mpaka ukingoni, na ukingoni kinajiviringa kwenye ekseli. Nywele zetu za asili zikikatika ni fupi, hazina shida sana. Zile za dukani ni ndefu, na ni plastiki. Msusi akimaliza kusuka anachovya ncha kwenye maji ya moto ili zilainike na kushikana, umeona? Basi ndicho kinachotokea kwenye ekseli. Brashi inasugua, joto linapanda, nyuzi zinalainika, ukizima zinapoa zikiwa zimegandamana. Kesho yake unawasha, pete imenenepa kidogo. Inachukua miezi. Siku inaposimama unadhani imekufa ghafla.

Chini ya ile pete nilikuta shanga mbili za nywele, moja imesagika, na uzi wa pindo la zulia wenye urefu wa mkono wangu. Mama alishangaa shanga kuliko pete. Alikuwa amemchapa mtoto kwa kuzipoteza.

Fanya hivi. Toa betri. Si kuzima, kutoa. Kama betri ya kwako haichomoki, basi chomoa kichwa kwenye bomba na ukipeleke meza nyingine, mbali na mashine, kwa sababu kidole kwenye brashi na mtoto kwenye kitufe ni hadithi ninayoifahamu na sitaki kuisikia tena. Geuza kichwa chali, tafuta mfuo wa sarafu au vitasa vidogo vya kusukuma pembeni. Baadhi ya vichwa vina parafujo za nyota, hizo zinahitaji bisibisi yake. Usilazimishe kwa kisu, utakula vichwa vya parafujo na utarudi kwa fundi ukiwa na matatizo mawili.

Rola ikitoka, usichukue mkasi. Mkasi mzito, unakata na nyuzi za brashi. Azima kwa fundi cherehani kile kijichuma cha kufumulia mshono, chenye ncha mbili, moja ndefu na moja ina kitone. Pitisha kwa urefu wa rola, kwenye mfereji ulio kati ya safu za brashi, nywele zitapasuka zenyewe. Kisha nenda kwenye ncha. Zote mbili. Watu wanasafisha upande unaofunguka na kusahau upande wa pili ulioingia ndani ya kichwa, na huko ndiko mara nyingi kuna pete kubwa zaidi. Chomoa kipande kimoja kimoja kwa kile kibanio cha kunyolea nyusi. Usiwe na haraka. Mimi ile ya mama wa shanga ilinichukua karibu dakika arobaini na chai ikapoa.

Ukimaliza, zungusha rola kwa kidole. Kama mota iko ndani ya rola yenyewe utahisi vijikwazo laini, vya sumaku, hiyo ni kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni mkwaruzo, ile sauti ya kutafuna mchanga. Ukiusikia, beringi imeingiwa na vumbi. Tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha, futa yaliyozidi. Tone moja nimesema. Mafuta ya kupikia hapana, na ya mgando ya kujipaka hapana pia. Yanashika vumbi na baada ya wiki mbili umetengeneza ugali.

Angalia vilevile pale beringi inapokaa kwenye plastiki. Pete ikikaa muda mrefu joto lake linayeyusha plastiki na ekseli inakaa upande. Hapo ndipo nitakubaliana na fundi wa mtaani kwenu kwamba kichwa kinunuliwe. Lakini akifungue kwanza.

Rudisha, acha mashine ipumzike nusu saa hadi saa nzima, maana nyingine zina kinga ya joto ambayo haiachii mpaka mota ipoe. Jaribu kwenye vigae kwanza, halafu zulia. Kama inazunguka vizuri kwenye zulia moja na kusimama kwenye jingine, hilo jingine bila shaka ni yale ya manyoya marefu, yanayomeza vidole. Hayo yanaisimamisha hata brashi mpya. Punguza mvuto, au yapigwe juani kama zamani.

Na suala la kurudi kwenye ufagio. Kwenye vigae, rudi hata leo, hutakosa kitu. Kwenye zulia ni habari nyingine. Mvuto peke yake unaokota kilicho juu. Mchanga uliozama kwenye mizizi ya nyuzi unataka kutikiswa. Hili alilijua mzee mmoja Mmarekani, James Spangler, mfagizi wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, aliyekuwa anaumwa pumu na kila akifagia mazulia ya pale kifua kinambana. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaunganisha na brashi inayozunguka. Mwaka 1908 akapata hati ya ugunduzi wake, akaiuza kwa familia ya Hoover, nao ndio waliotajirika. Mimi nilianzia kwenye feni za mezani, kwa hiyo huyu mzee namwona kama ndugu. Ila foronya nisingethubutu. Mke wangu angenifukuza.

*

"Fundi, salamu nyingi kutoka Mombasa. Yangu haizunguki kabisa, wala taa ya mbele ya kichwa haiwaki. Kile kibrashi kidogo cha makochi nikikichomeka kwenye mashine kinazunguka bila shida. Nimesafisha nywele zote, hakuna. Nikaamua kununua kichwa kingine mtandaoni, kimefika, nacho hakizunguki. Je, nimeuziwa kibovu?"
Msomaji, Nyali, Mombasa

Pole sana, ndugu yangu. Hukuuziwa kibovu. Umenunua kisichohitajika, na si wewe wa kwanza, maana wa kwanza ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mashine ya dalili hizo hizo. Nikafungua kichwa, nikatoa mota, nikaagiza nyingine, nikasubiri wiki tatu, nikaifunga. Kimya. Nikakaa naitazama. Kijana wangu wa kazi, ambaye wakati huo hata kushika mita ya kupimia umeme alikuwa hajui vizuri, akachomoa bomba, akachomeka kichwa moja kwa moja kwenye mashine ili apate nafasi mezani, akabonyeza kwa bahati mbaya. Brashi ikaruka na kutembea kwenye meza. Bomba ndilo lilikuwa bovu. Mota ya zamani, ile niliyoitupa kwenye ndoo, ilikuwa nzima. Gharama nilibeba mwenyewe, na kijana akapata jina la Profesa mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fanya kama Profesa. Toa bomba refu, chomeka kichwa kwenye mashine yenyewe. Kikizunguka, ugonjwa uko kwenye bomba. Kisipozunguka na kibrashi cha makochi kinazunguka hapo hapo, ugonjwa uko kwenye kichwa. Vyote viwili vikikataa, ugonjwa uko juu, kwenye mashine au betri. Inachukua dakika moja na haihitaji hata bisibisi.

Kwako wewe, kwa kuwa kibrashi kinazunguka na vichwa viwili vimekataa kupitia bomba lile lile, nathubutu kusema bila kuiona kwamba ni bomba. Tazama ncha zake zote mbili. Utaona pini mbili za shaba, au matundu mawili. Nyinyi watu wa pwani mna adui wa ziada, hewa ya bahari. Pini inaota kutu ya kijani, nyembamba, ambayo macho hayaioni mpaka uipige tochi. Chukua raba ya kufutia penseli, sugua pini mpaka zing'ae, kisha pamba yenye spiriti, acha zikauke. Kama pini imerudi ndani au imepinda, ivute taratibu kwa koleo ndogo.

Zikiwa safi na bado kimya, weka mita kwenye alama ya mlio, bomba likiwa limechomolewa pande zote, gusa pini ya juu na mwenzake wa chini. Ikilia, waya ni mzima. Isipolia, umekatika ndani, na kwa uzoefu wangu unakatika sentimita chache kutoka ncha ya juu, pale bomba linapochomekwa na kuchomolewa kila siku. Ukipima volti na mashine ikiwa imewashwa ukakuta sifuri, usihukumu haraka, kwa sababu kuna mashine ambazo hazitoi umeme mpaka zihisi kwamba kichwa kimechomekwa. Mlio ndio wa kuaminika.

Kile kichwa cha zamani usikitupe. Mtu akitaka kujua mota ya kichwa kama ni nzima, mimi natumia betri ya pikipiki na taa ya mbele ya pikipiki, zile za volti 12. Waya mmoja wa betri unapita kwenye taa kabla ya kufika kwenye kichwa. Mota ikiwa nzima na huru, brashi inazunguka polepole, maana imezoea volti zaidi ya hizo, na taa inafifia. Mota ikiwa imebanwa au imepiga shoti, taa inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Taa inakupa jibu na inalinda waya kwa wakati mmoja. Vichwa vyenye kisahani cha elektroniki ndani vinaweza kukataa kipimo hiki hata vikiwa vizima, kwa hiyo taa ikizima kabisa, na brashi haigeuki, usikimbilie kuzika.

Kuna ugonjwa mwingine wa jamaa hii ambao wewe huna lakini msomaji mwingine anaweza kuwa nao: brashi inazunguka ukisukuma mbele, ukikata kona kushoto inasimama, ukinyoosha inarudi. Huo ni waya kwenye shingo ya kichwa, pale kinapopinda. Kila ukisukuma na kuvuta unakunjwa, mpaka nyuzi zake za shaba zinakatika moja moja chini ya plastiki isiyo na alama yoyote. Kukata, kuondoa kipande kilichochoka, kulehemu waya laini zaidi. Kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote wa redio.

*

"Assalaam alaykum Fundi. Niko Maskati, nafanya kazi nyumbani kwa watu. Mashine ya hapa brashi inazunguka vizuri dakika nne tano za mwanzo. Nikiweka nguvu ya juu inapunguza mwendo, inasimama, halafu mashine nzima inakatakata kama inakohoa. Bibi mwenye nyumba anasema mimi ndiye nimeiharibu. Mashine wanayo miaka minne."
Msomaji, Maskati, Oman

Waalaykum salaam, mwanangu. Hukuiharibu, na ukitaka nitakuandalia maneno ya kumwambia bibi kwa heshima.

Kukohoa kule ni hewa kukosa njia. Vumbi la huko ni laini kama unga wa sembe, linajaza chujio kabla halijaonekana. Toa chujio, lioshe kwa maji baridi bila sabuni mpaka maji yatoke meupe, kisha likauke siku nzima na usiku wake. Likirudishwa na unyevu, mota kubwa itavuta maji, na hapo ndipo utakuwa umeiharibu kweli. Wakati linakauka, mulika bomba kwa tochi upande mmoja utazame upande wa pili. Soksi ya mtoto inaingia humo vizuri sana.

Kukohoa kukiisha na brashi bado inachoka kwenye nguvu ya juu, ni betri. Ndani ya betri kuna vidonge kadhaa vya lithiamu vilivyopangwa mstari, kila kimoja kina volti 3.6 za kawaida na 4.2 kikijaa. Kama ubavuni pameandikwa volti 21.6, vidonge ni sita, pakiandikwa 25.2, ni saba. Kidonge kimoja kikizeeka kinawaangusha wenzake wote. Kwenye nguvu ndogo hutaona, ukiomba nguvu ya juu ndipo kinazimia, na mashine inaona heri iache brashi kuliko izimike kabisa. Miaka minne si aibu kwa betri, hasa kama chaja imetundikwa mahali penye joto. Maskati wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40. Muombe bibi chaja ihamie chumba chenye kiyoyozi.

Betri mpya iwe na volti zile zile na chaja yake ile ile. Chaja ya vidonge saba inatoa volti 29.4, ukiichomeka kwenye betri ya vidonge sita, ambayo hujaa kwa 25.2, unaita moto. Na betri yenyewe usiifungue, wala asiifungue jamaa wa sokoni anayesema atabadilisha kidonge kimoja tu.

Kwa bibi, sema hivi: "Bibi, brashi inazunguka, ila betri imechoka. Naomba tujaribu betri ya jirani mwenye mashine kama hii." Jirani akikubali, ushahidi utakuwa mezani na wewe hutakuwa umembishia mtu.

*

Za haraka haraka.

Aliyeosha kichwa kizima kwenye beseni, Dodoma: rola nyingine zinaoshwa, kichwa chenye mota hakioshwi. Usikijaribu kila saa kuona kama kimekubali. Kifungue, kiache kivulini penye upepo siku mbili, na pini zipigwe spiriti kabla ya kurudisha betri. Ukibahatika kitarudi. Aliyekuambia ukitie kwenye mchele, mchele huo upike.

Anayesikia mota ya kichwa inalia lakini brashi haigeuki, Arusha: ya kwako ni ya mkanda. Si mashine zote zina mota ndani ya rola. Nyingine mota imekaa pembeni na inazungusha brashi kwa mkanda mdogo wenye meno. Umekatika, au meno yameliwa. Peleka mkanda wa zamani dukani, hata vipande vyake, walinganishe meno kwa meno. Upana ukifanana na meno yasifanane, hautadumu siku tatu.

Baba wa Kibaha aliyekuja mwenyewe mpaka dukani na mashine kwenye kiroba, nauli kwenda na kurudi: pembeni ya mkono wa mashine yako kuna kitufe chenye alama ya brashi. Kazi yake ni kuizima brashi ukiwa kwenye sakafu tupu. Mjukuu alikuwa amekibonyeza. Sikukutoza, na naomba radhi kwamba nilicheka.

Msomaji wa Tanga anayetafuta beringi ya rola: usiniandikie jina la mashine, kwa beringi halinisaidii. Ifute, tazama ubavuni kwa miwani, utaona namba. Ikiwa 625, tundu ni milimita 5, upana wa nje 16, unene 5. Ikiwa 608, ni 8, 22 na 7, na hizo zimo hadi kwenye viatu vya magurudumu vya watoto, hutakosa. Namba ikiwa imefutika, pima hivyo vitu vitatu kwa rula ya chuma na uniandikie, nitakuambia uulize ipi.